Soma na Makosa Yake

Kwa miaka sita swali moja limekuwa likiniamsha kabla ya adhana ya alfajiri: Sajini Odongo alidanganywa na wezi wa mtandaoni, au alidanganywa na Kiswahili changu?

Nimeligeuza swali hilo kila upande. Kuna siku nimejiona sina hatia, kwa sababu barua sikuiandika mimi. Kuna siku nimejiona mwizi mkuu, kwa sababu aliyemwambia "umeibuka mshindi" kwa mdomo ni mimi. Kuna siku nimejiuliza kama mtu mwenye hatia huwa anajiuliza sana hivi, nikaona labda kujiuliza kwenyewe ni ujanja. Ndiyo akili niliyopewa. Brenda na Isa, ninyi mnaoshika kaunta baada yangu, mnaijua, kwa sababu mmeniona nikisoma risiti ya maji mara tatu.

Mama Zawadi anasema mtu wa miaka ishirini na tisa hastaafu, anaacha kazi tu. Lakini ni yeye huyo aliyeninunulia soda ya kuniaga na kuniita "mustaafu" mbele ya wateja, kwa hiyo nimeamua kulichukua neno hilo, na pamoja nalo haki ya wastaafu ya kuwasimulia vijana mambo ambayo hawakuuliza. Wiki ijayo naenda Gulu kufundisha. Kabla ya hapo, nisikilizeni.

Siku ya kwanza nilifika saa moja kasorobo. Duka linafunguliwa saa mbili. Nilizunguka mtaa mara nne ili nisionekane nimewahi mno, na mara ya tano Hajji, mwenye duka, akanikuta nimesimama kwa fundi viatu nikijifanya nina kiatu kibovu. "Akero," aliniita, na hajawahi kuniita Akello hadi leo, "kama unataka kazi, ingia."

Chumba mnakijua, hakijabadilika: kompyuta nne, mashine ya fotokopi, na ile printa inayohitaji kupigwa kofi ubavuni ndipo itoe karatasi. Old Kampala ina maduka ya namna hiyo mengi. Letu lilikuwa na kitu kimoja ambacho mengine hayakuwa nacho, nacho ni kusoma. Wateja wetu walikuwa Wakongo wenye biashara ndogondogo, na askari na polisi wastaafu wa kutoka kaskazini, watu waliozungumza Kiswahili vizuri kabisa lakini Kiingereza cha kuandikwa kiliwapa shida. Walikuja na simu mkononi, wakaiweka kaunta, wakasema neno moja: "Nisomee."

Mimi nilikulia kambini. Baba alikuwa askari, na sisi watoto, Waacholi, Walugbara na Wateso, lugha yetu ya kugombania mpira ilikuwa Kiswahili. Baadaye nikakisafisha chuo kikuu hadi kikang'aa. Nilipomaliza, nilikuwa mtu anayeweza kusahihisha ngeli za mhubiri huku wenzake wanasema amina. Hajji alisikia nina shahada ya lugha akaona amepata lulu. Mama Zawadi alisikia hivyo hivyo, akanitazama juu ya miwani yake iliyofungwa kwa uzi, akasema, "Tutaona."

Yeye ni mtu wa Bukavu, na wakati huo alikuwa ameshika kaunta miaka kumi na mmoja. Alipiga chapa kwa vidole viwili na alinishinda mimi mwenye kumi. Kila kitu ninachokijua cha kazi hii kilitoka kwake. Geuza kioo kimtazame mteja, asidhani unamficha kitu. Usiguse simu ya mtu kabla hajakusogezea. Na mteja akianza kuandika neno la siri, tazama ukuta. "Neno ya siri ni kama chupi," aliniambia siku ya pili, mbele ya mchungaji aliyekuja kuchapisha ratiba ya maombi. "Ukiiona ya mutu, hata kwa bahati mbaya, hutamuangalia tena usoni." Mchungaji alikohoa. Mimi niliandika kanuni hiyo kwenye daftari, nikaanza kuhangaika kama "chupi" ni neno la kuandika kwenye daftari la kazi.

Wiki ya tatu Mama Zawadi alikwenda hospitali ya Mulago kumwuguza jirani yake, akaniachia kaunta siku nzima. Siku hiyo ndiyo aliyoingia Sajini Odongo.

Alikuwa polisi mstaafu, mrefu, viatu vimepigwa rangi hadi unajiona ndani yake. Alikuja kwetu kila mwezi kutoa nakala za karatasi zake, na siku zote alisalimia kwa kugonga visigino. Siku hiyo hakugonga. Aliweka simu kaunta taratibu, kama anaweka yai.

"Mutoto, soma polepole. Iko nasema nini?"

Barua ilikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza chenyewe kilikuwa kimevunjika mbavu. Sentensi hazikuwa na vitenzi, au zilikuwa navyo vitatu. Lakini maana niliikamata: barua pepe yake imetolewa katika bahati nasibu ya kimataifa, ameshinda dola zenye sifuri nyingi, atume ada ya kufungua faili. Nikapanga sauti. Nilitaka kufanya kazi nzuri. Mnaelewa? Hicho tu ndicho nilichokitaka.

"Mheshimiwa," nilisoma, "tunayo furaha kubwa kukuarifu kwamba umeibuka mshindi wa bahati nasibu yetu."

"Nasibu ni nani?"

"Siyo mtu, Sajini."

"Bahati ya Nasibu, umesema. Sasa yeye anipatia bahati yake kwa nini?"

"Ni kura, Sajini. Majina mengi yanawekwa pamoja, moja linatoka. Lako limetoka."

Akakaa kwenye kiti. Nikaendelea. Kila palipokuwa na kosa nilipasahihisha, kila palipokuwa na ukorofi nilipalainisha. Karibu na mwisho palikuwa na sentensi moja ya ovyo kabisa kuhusu kutomwambia mtu, nikaona haya kuisoma ilivyo. Nikasema, "Tafadhali, habari hii itunzwe kwa faragha hadi taratibu zitakapokamilika."

"Faragha." Alilitamka neno hilo kama mtu anayeonja asali. "Naelewa. Hata sisi polisi tulikuwa nafanya hivyo."

Nilimchapishia nakala. Ya kwanza ilitoka na doa la wino, nikaiweka kando nikampa ya pili. Akasimama, akagonga visigino, akasema, "Asante, mwalimu." Nilibaki pale nimejaa furaha kifuani. Je, niliona dalili za uongo? Nimejiuliza hilo kuliko yote. Nadhani niliziona, na nikazichukua kama makosa ya sarufi.

Kesho yake nilimsimulia Mama Zawadi kwa majigambo. Akaomba kuiona ile nakala yenye doa. Aliisoma akifuata mstari kwa kidole.

"Hii ndiyo ulimusomea?"

"Ndiyo, mama."

"Nisomee miye vile ulimusomea yeye."

Nikasoma, kwa sauti ile ile. Kidole chake kilisimama karibu na mwisho. "Na hapa?"

"Hapo nimeweka faragha."

Akavua miwani. "Akello. Huyu mwizi kama angekupata mapema, angekuwa tajiri."

Hatukuwa na namba ya Sajini. Tulimngoja. Baada ya wiki mbili jirani yake alikuja kutoa fotokopi, akatuambia bila kuulizwa kwamba mzee ameuza cherehani ya mkewe, pesa ametuma kwa simu mahali pasipojulikana, na nyumbani hakukaliki. Akaongeza kwamba siku hizi mzee anakwenda kuchapisha mtaa wa Wandegeya. Nikamwuliza anakaa wapi. Lubaga, chini ya kanisa kuu, nyuma ya shule ya msingi, mlango wa buluu. Kwa hiyo mjue hili pia: anwani nilikuwa nayo tangu mwanzo.

Kanuni ya kaunta ilizaliwa wiki hiyo. "Soma na makosa yake," Mama Zawadi alisema. "Kama barua inachechemea, wewe pia chechemea." Mteja mwenye akili zake timamu, akiisikia barua kama ilivyo, mara nyingi anainusa mwenyewe. Lakini mimi niliyesoma isimu miaka mitatu sikuwahi kufundishwa kutafsiri kosa. Jaribuni muone. Kutafsiri maana ni rahisi. Kutafsiri upuuzi ubaki upuuzi wa kiasi kile kile, usizidi wala usipungue, kunahitaji mtu avunje ngeli zake kwa makusudi, na mimi kuvunja ngeli kuliniuma. Mama Zawadi alinifanyisha mazoezi kila asubuhi kabla hatujafungua. "Bado iko tamu," alikuwa akisema. "Haribu zaidi."

Chombo cha pili cha kazi ni daftari la jalada jekundu lililo chini ya printa. Humo tulinakili sentensi za barua hizo: wajane wa majenerali, mabenki yanayoomba radhi, kompyuta zinazochagua watu kwa upendo. Ukurasa wa kwanza nilibandika ile nakala yenye doa. Mteja akibisha, mwonyesheni barua yake na ya mwenzake wa mwaka jana, maneno ni yale yale hadi makosa. Halafu muulizeni tiketi yake iko wapi. Msimwambie "umedanganywa", muulizeni tu, kwa upole, kura hiyo aliicheza lini. Mtu akijijibu mwenyewe hapotezi heshima.

Haifanyi kazi kila mara. Kuna kijana muuza vitenge, Mkongo, niliyemsomea barua yake na makosa yote, na akanikasirikia mimi. "Wewe dada unafunga baraka yangu," alisema. "Unasoma na roho ya wivu." Akaichukua simu akatafuta msomaji mwenye roho nzuri. Nilimkimbilia hadi kona, nikamkosa. Mama Zawadi aliniambia nirudi ninywe chai.

Na kulikuwa na mama Kristina, aliyefua mashuka ya hospitali maisha yake yote. Alikuja kila Alhamisi na barua mpya ya ushindi. Kila Alhamisi nilimwuliza kuhusu tiketi, naye akajibu hana. Mwezi wa pili nikashindwa kuvumilia.

"Mama, unajua kwamba hizi ni uongo?"

"Najua, mwanangu. Mimi nimezeeka, sijapumbaa."

"Sasa kwa nini unakuja nikusomee?"

"Wanaanza na 'mpendwa'. Mwingine wa kuniandikia hayuko."

Hapo kanuni ilinishinda. Nilimsomea mwaka mzima, na siku nyingine, Mungu anisamehe, nililisoma lile neno "mpendwa" mara mbili. Alipohamia kijijini kwa dada yake alinipa shuka jeupe lililopigwa pasi. Ninalo.

Nisisahau tangazo. Hajji, baada ya kuona tunapoteza muda mwingi kwa barua hizi, aliamua kumaliza tatizo kwa kalamu nene. Hajji ni Muganda wa Masaka, na kwake herufi r na l ni ndugu wanaoazimana mashati. Alitaka kuwaambia watu kwamba hapa hakuna kura. Akaandika kwa herufi kubwa, akabandika mlangoni: HAKUNA KULA HAPA. USIDANGANYIKE. Wiki nzima wateja waliingia wakificha chapati zao chini ya meza. Mwanamke mmoja alinyonyesha mtoto huku ameupa ukuta uso, akauliza kama na huyu amekatazwa. Mimi niliona kosa dakika ya kwanza, nikatumia siku tatu kutafuta namna ya heshima ya kumwambia Hajji. Mama Zawadi alilibandua tu, akampelekea. "Hajji, umewanyima watu chakula." Hajji alicheka hadi kofia ikaanguka.

Nawaambieni haya ili mjue kwamba nilikuwa na furaha pale. Nilifika nikiogopa salamu, nikaondoka nikiwa na watu wanaonipungia mkono kutoka ng'ambo ya barabara. Asante kwa Hajji, ambaye hakuwahi kuniuliza kwa nini nazima taa mara mbili. Asante kwa Mama Zawadi kuliko ninavyoweza kuandika bila yeye kunitania.

Lakini ile anwani ilibaki. Nilipanga kwenda Pasaka, nikaona nitaharibu sikukuu ya watu. Nilipanga kwenda baada ya Pasaka, nikajiuliza kwa nini sikwenda Pasaka. Niliandika nitakachosema, nikakisahihisha, na kadiri nilivyokisahihisha ndivyo kilivyozidi kufanana na barua za wezi.

Juma lililopita, Brenda, nilikuwa nakufundisha kanuni, ukaniuliza, "Dada Akello, hii ulifundishwa na nani?" Nikajibu, "Na Mama Zawadi." Mama Zawadi mwenyewe, bila kuinua macho kutoka kwenye kibodi, akasema: "Si miye. Ni Sajini. Na hujamulipa hata asante."

Nyumbani sikuandika chochote. Jumamosi nilibandua ile nakala kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari jekundu, nikapanda Lubaga kwa miguu.

Mlango ulikuwa bado wa buluu. Aliyefungua ni mkewe, Mama Grace, mwanamke mfupi mwenye futi ya kupimia nguo shingoni. Nyuma yake niliona cherehani, siyo mpya. Nikajitambulisha.

"Wewe ndio ile musichana ilisomea huyu muzee kura?"

"Ndiyo, mama."

"Na sasa umekuja kuleta ile madola?"

Akacheka peke yake na kupiga kelele ndani: "Odongo! Bahati yako imefika!"

Sajini alitoka na fimbo. Amekonda, lakini viatu ni vile vile. Aliponiona aliiegemeza fimbo ukutani, akagonga visigino. "Karibu, mwalimu."

Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima na sentensi ya kwanza ilinitoka kichwani. Nikasema tu: "Sajini, ile barua haikusema nilivyokusomea. Ilikuwa mbovu. Mimi niliisahihisha ikawa nzuri, ndiyo maana ukaiamini. Naomba unisamehe."

"Najua," alisema.

"Unajua?"

"Baadaye nilipata ingine. Kijana ya Wandegeya akanisomea. Yeye anasoma vibaya, vibaya sana, mpaka mimi mwenyewe nikasikia hii ni uongo. Nikakumbuka ya kwanza. Nikasema, kumbe ile musichana yetu imesoma sana."

"Sasa mbona hukurudi dukani?"

Alikaa, akanyoosha mguu unaomsumbua. "Ningerudi, ningesema nini? Hajji angeuliza, nani alisoma? Wewe ulikuwa na wiki tatu kwa kazi. Mimi wiki yangu ya tatu kwa polisi nilipoteza pingu. Inspekta angeandika, mimi ningerudi nyumbani kuchunga mbuzi. Hakuandika. Alinipatia pingu yake, akanyamaza. Basi, mimi pia nikanyamaza."

Kwa miaka sita nilidhani amenikwepa kwa hasira. Alikuwa akipanda hadi Wandegeya, na mguu ule, ili mimi nibaki kazini. Nililia, na nikaanza kuhangaika kama kulia ni kumlazimisha anihurumie, na nikaendelea kulia.

Mama Grace aliniletea maji. "Kunywa. Mimi sina maneno na kura. Cherehani ingine tumepata, hii hapa. Neno yangu na huyu muzee ni moja tu: alinificha. Miaka yote ya ndoa hakunificha hata shilingi, siku hiyo akanificha. Namuuliza kwa nini, ananijibu faragha."

"Ilikuwa faragha," alisema Sajini, kwa sauti ndogo.

"Unaona? Faragha, faragha! Hiyo neno imekula kwa nyumba yangu miaka sita na mimi sijaialika."

"Mama," nilisema, "hilo neno ni langu. Barua haikuwa nalo."

Wote wawili wakanigeukia. Nikaikunjua karatasi yenye doa. Nilikuwa nimeshaamua tangu pale mlango ulipofunguliwa.

"Nitawasomea ilivyo. Na makosa yake."

"Soma polepole," alisema Sajini.

"Mpendwa Mshindi Mpendwa," nilianza. "Sisi ni furaha sana kuwa wewe kushinda. Kompyuta alifunga macho na kuokota imeili yako kwa upendo. Dola hii nyingi iko nalala katika benki bila mwenyewe na iko nalia. Haraka wewe tuma ada ya kufungua faili, kabla dola yako haijakufa."

Mabega ya Sajini yalikuwa yameanza kutikisika. Alishika fimbo kwa mikono miwili. Nikafika karibu na mwisho, pale kidole cha Mama Zawadi kiliposimama.

"Muhimu sana, usiambie watu. Zaidi sana, mwanamke wako usiambie kabisa, kwa sababu mwanamke ni sumu ya dola."

Kicheko cha Sajini kilikatika. Mama Grace alivua futi shingoni, akaiweka juu ya cherehani, akavuta kigoda hadi magoti yake yakagusana na ya mumewe.

"Sumu ya dola," alimwambia. "Hiyo ndio ilikuwa faragha yako?"

"Mimi sikusomewa hiyo, Mama Grace. Kweli ya Mungu. Ningesikia hiyo, ningekuja moja kwa moja kukuambia."

Mama Grace akanigeukia mimi.

"Rudia hapo."

Nikarudia, polepole, bila kusahihisha hata herufi moja.